Dada Yake Nesi

"Ulimwona akisoma lebo ya dawa kabla ya kumchoma mgonjwa sindano?" mwenyekiti wa Baraza la Wauguzi aliniuliza.

Nilimwona. Aliisoma mara mbili, midomo ikichezacheza kama zamani nilipomfundisha herufi jikoni. Bila ushahidi wangu, wangemfutia leseni.

Mdogo wangu alikaa mbele yangu, sare yake nyeupe pee. Mimi nasafisha wodi hiyohiyo. Nilipomaliza la saba nilibakizwa nyumbani nimlee. Juzi mgeni aliniulizia, mama akajibu, "Huyu? Ni dada yake nesi tu."

"Sema basi, dada," akaninong'oneza. "Si ulikuwepo?"

Nikafuta viganja vyangu vilivyochubuliwa na sabuni.

"Nilikuwa nadeki, mheshimiwa," nikasema. "Sikuinua macho."