Kaburi Lililotazama Theluji

Usiseme hukumwona. Ulimpita pale Mchafukoge, dukani kwa Kantilal: Fikirini wa Bi Zena, mtu mzima na kikoi chake cha kazi, kabandika paji la uso kwenye ramani ukutani, analia. Ukageuza shingo, ukaenda zako kununua sukari.

Alikuwa ameuliza swali moja tu.

"Bwana Kantilal, mtu akiwa huku milimani, Makka iko upande gani?"

Kantilal aliweka kidole Himachal, juu kabisa ya Bara Hindi, akakisogeza. Kidole hakikupanda. Kilikwenda kushoto, kikavuka nchi za watu, kikatua Arabuni.

"Si kaskazini?"

"Kaskazini ni kwa sisi wa Dar, bwana. Kule kaskazini ni theluji tupu."

Hapo ndipo alipoiegemea ramani.

Katika vita Waingereza waliwachukua vijana wa pwani wakapigane Burma, kwa ajili ya mfalme asiyewajua hata kwa sura. Wawili kati yao, marafiki wa kula sahani moja, waliugua wakapandishwa hospitali ya jeshi huko Himachal, milima ileile ambako wakubwa walikuwa wakihamishia serikali nzima kila kiangazi, wao wakikimbia joto, mafaili yakipanda kwa migongo ya wapagazi. Mmoja alikufa mwezi wa nane, wakati mvua ya kule hunyesha wiki nzima bila kupumua na mlima kushuka vipande vipande. Aliyebaki alichimba peke yake chini ya mwerezi. Akamlaza mwenziwe ubavu wa kulia, uso kaskazini, kama wanavyozikwa watu wa kwao tangu na tangu. Nani aliwahi kumwambia kwamba kibla hakikai mahali pamoja?

"Miaka kumi," Fikirini alisema. "Miaka kumi nyayo zake zinaielekea Makka."

Kantilal alikuwa safarini. Alikuwa na chungu cha majivu ya babake, mzee Tulsidas, ayapeleke mto Ganga, pale Haridwar, milima inapoanzia. Fikirini akamshika mikono yote miwili.

"Panda kidogo tu, bwana wangu. Mgeuze."

"Mimi? Sisi hatuziki, Fikirini. Kaburi sijui hata linaingiwa kwa mguu gani!"

"Watafute Waislamu wa kule. Hawakosekani."

Kantilal akakuna kichwa. "Unajua unanituma wapi? Ile ni vifalme thelathini, kila bonde na raja wake, vimeshonwa pamoja juzi tu, mwaka arobaini na nane. Gari moshi linapenya matundu ya mlimani zaidi ya mia kabla ya kufika. Na ikishaingia Desemba, theluji inafunga njia."

"Basi wahi."

"Haya. Jina la marehemu?"

Fikirini aliinamisha macho. "Nilichomeka kijiti tu. Utalijua. Makaburi ya Waislamu wote kule yanatazama machweo. Lile peke yake linatazama theluji."

Jioni alimsimulia Bi Zena. Bibi huyo haoni. Baada ya vita alitoka Kilwa na fimbo yake, akashinda bandarini Dar siku kumi na saba akiita jina la mwanawe kila meli ya askari ilipofunga. Siku ya kumi na nane mkono ukamshika. Akampapasa, akacheka, akalia. "Vita imekukausha uso, mwanangu." Tangu hapo wanakaa Gerezani, chumba kimoja, na Fikirini hali mpaka yeye ale kwanza.

Bi Zena aliacha kuchambua mchele. "Huyo rafiki yako, mamaye yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua kama mwanawe yuko ardhini?"

"Hajui."

"We Fikirini! Ni moyo gani huo? Mwambie! Mama hafichwi maiti yake."

"Nitamwambia, mama."

"Lini? Akishakuwa maiti naye?"

Fikirini alitoka nje, akasimama uwani mpaka uso ulipokauka.

Miezi minne alisukuma mkokoteni wake Kariakoo kama mtu aliyebeba mlango wa kaburi. Mwezi wa kwanza Kantilal akarudi, midomo imepasuka kwa baridi. Alimkuta sokoni, Bi Zena ameketi juu ya mkokoteni na kapu lake la ndizi.

"Tayari, bwana. Imamu wa kule na wachimbaji wawili. Theluji ilikuwa imeanza, tukachimba huku inatuangukia. Sasa anatazama magharibi."

Fikirini aliinama akaibusu mikono ya Mhindi yule mbele ya soko zima. Watu wakacheka. Yeye hakusikia.

"Mungu amlipe aliyekwenda," alisema Bi Zena. "Na huyo mama maskini, nani atamwambia?"

"Serikali imeweka jiwe," Kantilal alimwambia Fikirini. "Nimenakili maandishi yake." Akamtazama bibi kipofu, akaifunua karatasi taratibu, bila kuisoma kwa sauti.

*Fikirini bin Mwinyimvua, wa Kilwa. 1944.*

Huyo wa chini ya mwerezi hajasomewa hitima hata siku moja. Inua mikono, wewe, sasa hivi. Msomee kwa jina lake.