Jezi Namba Tisa

Kidevu ndicho kilichomsimamisha Mwalimu Shimba alipokuwa akikagua timu yake. Kilikuwa kimenyolewa asubuhi ile ile, kwa haraka, na kipande cha karatasi bado kilikuwa kimeganda penye damu. Ati kidevu cha mtoto wa darasa la saba!

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu, kocha," likajibu lile jitu kwa sauti nzito, kitovu kikichungulia chini ya jezi namba tisa.

Mwalimu mkuu akamvuta Shimba pembeni. Fainali ya shule za msingi ilikuwa karibu kuanza, na wazazi wa Igogo walikuwa wamejaa uwanjani.

"Mzee wangu, hata wenzetu wameleta mamluki. Vita ni vita. Wewe ulipigana Kagera, unaelewa."

Shimba alimtazama kuanzia viatu vilivyong'arishwa mpaka kitambi. Vita! Yeye alirudi kutoka Kagera na vidole vitatu mkono wa kushoto, akafundisha hesabu na mpira miaka arobaini. Huyu hajawahi kubeba kitu kizito kuliko chaki, na hata chaki yenyewe siku hizi anaikimbia.

"Sawa, mkuu."

Akarudi kwenye mstari, akamvua yule mwanamume jezi, akamwambia aende nyumbani kwa mkewe.

Kisha akamtupia mwalimu mkuu jezi ile kifuani, mbichi kwa jasho, mbele ya wazazi wote.

"Mstari wa mbele una nafasi," alisema. "Vita ni vita, mkuu. Vaa."