Njia ya Ndezi Mwoga

Kulikuwa na bonde lenye mto, na bondeni aliishi Ndezi mwoga. Kila alipoona siafu wakihamisha mayai, dalili ya mafuriko, alimbeba mama yake mgongoni akapanda kilimani, huku akikata nyasi kwa meno apate pa kupita. Mara mbili alipanda, na mara mbili mto haukufurika, akarudi na aibu yake.

"Shemeji, mafuriko ya leo yanafika saa ngapi?" Ngiri mwenye maneno alimwuliza Ndezi alipombeba mama yake mara ya tatu.

"Nikikosea tena, mama atatafuta mtoto mwingine," Ndezi alicheka, akaenda zake.

Jioni mto ukafurika. Ngiri na wanawe wakahangaika kwenye matete, maji shingoni, mpaka wakakuta njia iliyokanyagwa vizuri ikipanda kilimani. Wakafika juu wote wazima.

"Njia hii aliikata nani?" Ngiri aliuliza akihema.

"Mimi, shemeji. Zile siku ulizokuwa ukinicheka."