Mgonjwa wa Mazoezi

Kila mwaka wanyama wa bondeni walifanya zoezi la kupambana na tauni. Digidigi, hodari wa kuigiza, alijifanya mgonjwa. Tumbili, mganga mkuu, alimpima mbele ya wote, wakapiga makofi, kisha akatangaza, "Tuko tayari."

Mwaka huu Digidigi alianza kukohoa siku tatu kabla ya zoezi.

"Mheshimiwa, safari hii naumwa kweli."

Tumbili akacheka. "Umeiva, bwana. Hata macho yamekuwa mekundu. Shikilia hivyo hivyo mpaka Jumamosi."

Wanyama wakaja kumtazama, wakampa mkono wa pongezi, wakarudi makwao.

Jumamosi uwanja ulikuwa mtupu. Tumbili alikaa peke yake na filimbi yake, akikohoa, na hapakuwa na wa kumwambia kwamba haigizi.