Msumari wa Kumi na Mbili

Msumari wa kumi na mbili uligoma kung'oka.

Kumi na mmoja ya mwanzo ilikuwa imeshalala ndani ya ndoo. Huu, uliopakwa rangi nyekundu na kupigiliwa peke yake mwishoni mwa ubao, mzee Mazengo aliuzungusha kidogo kwa koleo, kisha akauacha.

"Mama, huu tuubakize."

Ruthu hakushangaa. Wamiliki wapya wa kiwanda hiki cha alizeti, pale Kizota, walikuwa wamemwajiri kwa wiki sita awatoe watu kwenye mazoea na kuwaingiza kwenye mfumo. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Saa nne na nusu, baada ya chai, mashine zingewashwa kwa mara ya kwanza bila misumari, na taarifa yake ingepelekwa kabla ya adhuhuri. Ikikubaliwa, angekabidhiwa viwanda vingine vitatu.

Utaratibu wa zamani ulikuwa mwepesi. Aliyeingia kwenye kihenge kuvunja mabonge ya mbegu alivua kofia yake ngumu, akaitundika kwenye msumari wake ubaoni, akapenya kwenye mlango mdogo. Chini, sakafuni, kulikuwa na parafujo ya chuma, nene kama paja, iliyosukuma mbegu kwenda kukamuliwa. Maadamu kofia ilining'inia, hakuna aliyegusa swichi.

Sasa kulikuwa na skrini. Wafanyakazi kumi na mmoja, alama za vidole kumi na moja. Unaingia, unabonyeza, unatoka, unabonyeza. Ikisoma sufuri, taa ya kijani inawaka. Kofia mtu huweza kuisahau. Hesabu ya skrini haisahau.

Juzi, kwenye mafunzo, Ruthu alibonyeza kidole chake kuwaonyesha. Skrini ililia, ikawaka nyekundu, ikarudi kwenye sufuri.

"Bosi!" Emiliana, mwendesha swichi, alipiga makofi kwa kicheko. "Umeileta mwenyewe, na bado inakuuliza wewe nani!"

Ruthu naye alicheka. Ndivyo ilivyotakiwa: isiyemjua, haimhesabu.

Sasa aliusogelea ule msumari mwekundu. "Huu ni wa Hashimu?"

Faili alikuwa amelisoma. Miaka tisa iliyopita fundi Hashimu aliitwa kutoka Kondoa kwa kazi ya siku moja, na parafujo ikawashwa akiwa ndani. Msumari mwekundu ulipigiliwa wiki iliyofuata.

"Ulikuja baada yake, ndiyo," mzee Mazengo alisema. "Lakini, mama, sisi huu huwa tu..."

"Naelewa, mzee. Poleni sana."

Pole haikataliwi. Mzee Mazengo aliinamisha kichwa.

"Tumeshapoa," alijibu, na lile neno alilokuwa nalo mdomoni akalimeza.

"Picha yake tutaitundika ofisini. Itamfaa kuliko msumari." Ruthu alichukua koleo, akaung'oa mwenyewe.

Saa nne watu walikwenda kwenye chai. Ruthu alibaki akipitia taarifa kwenye simu, na hapo akagundua kwamba imepungukiwa picha moja: kihenge kwa ndani, kikiwa kitupu na kisafi. Upepo mkavu ulikuwa ukirusha vumbi uani. Alivua kofia ya njano aliyopewa getini siku ya kwanza, kwa kuwa ilikwama mlangoni. Wiki sita za kuwatazama wengine zilikuwa zimeufundisha mkono wake; uliinuka wenyewe hadi ubaoni, ukagusa tundu la msumari uliong'olewa. Aliitanguliza kofia ndani, akapenya nyuma yake.

Kulikuwa na joto, na harufu nzito ya mafuta. Picha ya kwanza ilijaa vumbi. Ya pili ilitoka giza. Alivuka parafujo kwa uangalifu, akasogea hadi ukuta wa mbali ili aukamate mwanga wa mlangoni, akainua simu.

Mwanga ulizimika. Komeo likalia kwa nje.

Sauti zilipenya kwenye bati kana kwamba wasemaji wako naye humo humo.

"Mzee, huo ubao una nini, mbona unaupapasa?" Ilikuwa sauti ya Emiliana.

"Natafuta msumari wa wageni."

"Bosi si kaung'oa asubuhi? Soma skrini, mzee wangu. Sufuri hiyo, na kijani hiyo." Akacheka. "Haya, nabonyeza."