Seli za Kidoti

Daktari wa upasuaji aliinamia hadubini. Seli za uvimbe wa ubongo wa Kidoti, binti wa miaka sita, zilikuwa zimesinyaa kama zabibu kavu kwa dawa mpya.

"Hebu angalia, nisije nikawa naota!"

Fundi wa maabara akachungulia. "Zimekufa, bosi. Kufa kabisa!"

Dawa hiyo ilitokana na vipande vya uvimbe wa wagonjwa wa zamani ambavyo daktari alivihifadhi kwa miaka tisa, kwenye friji ambayo wakubwa wa hospitali waliagiza itupwe, huku wakimwita mwenye bucha. Majina ya wakubwa hao anayo yote.

Chini, mama Kidoti alikuwa akipakia begi kwenye teksi. Asubuhi daktari mwenyewe alimwambia hakuna tena la kufanya.

Daktari alilisukuma dirisha kwa kiwiko, glavu bado mkononi.

"Mama Kidoti! Shusha hilo begi!"