Vikombe Viwili vya Chai

Jirani alikuwa amelalamika kwamba kidonge chake cha kuongeza damu kikidondokea kwenye chai huiharibu rangi. Basi Mwanaharusi akakivunja kimoja cha jirani, akakitia kwenye chai ya rangi. Ikageuka nyeusi kama wino.

Akavunja cha binti yake, mjamzito wa miezi minane, akakitia kikombe cha pili. Chai ikabaki nyekundu vile vile. Unga mweupe ukatuama chini.

Akamwita mwanawe, mgawa vidonge wa watafiti wa damu.

"Baba, hiki nini?"

Kijana hakuinua uso. "Mama, utafiti ndivyo ulivyo. Wengine hupewa dawa, wengine unga mtupu, ipimwe tofauti."

"Nawe ulijua nani anameza unga?"

"Nilijua."

"Dada'ko viganja vyeupe kama sanda, nawe kila asubuhi unampa maji, 'Meza dada, damu itapanda'?"

"Usimwambie, mama. Nitafukuzwa kazi."

Mwanaharusi, ambaye wanawe hawakuwahi kumsikia akipaza sauti, akaufungua taratibu mlango wa chumbani.

"Mwanangu, amka uje. Kaka'ko ana neno nawe."